Sura ya Tisa: Jigi Zenye Mikunjo

Saa moja asubuhi, siku ya kumi na mbili tangu mtoto alazwe, mpelelezi Verna Stooksbury alipanda ngazi za hospitali akiwa na kifurushi cha Bibi Eula mkononi, kimefungwa kwa kitambaa cha jikoni chenye miraba ya bluu. Ulikuwa mkate wa mahindi, bado wa moto. Mtoto Junie, wa miaka miwili na nusu, alikuwa amekataa kila sahani ya hospitali, na daktari alisema heri ale cha nyumbani kuliko kukaa na njaa. Bibi Eula, ambaye ndiye bibi yake Junie upande wa mama, hakuendesha gari tena. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka tangu mwezi wa tano, akasema ni uzee. Basi aliyekuwa na safari ya upande ule ndiye aliyebeba. Wiki hii alikuwa Verna, siku ya tatu mfululizo.

Mlangoni pa wodi askari Pruitt aliandika katika daftari jina la anayeingia na alichobeba, kama alivyoagizwa. Aliandika: Stooksbury, mkate.

Ndani, Kendra Hargis alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda na nguo zilezile za jana. Alichukua kifurushi, akaumega mkate vipande vidogo ndani ya kikombe, akamiminia maziwa ya mgando, akamlisha mwanawe kwa kijiko. Junie alikula. Macho yake hayakumfuata mtu yeyote.

Daktari alimwita Verna kwenye ujia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kipimo cha damu cha jana kimerudi. Mtoto aliingia na sumu ya madini ya risasi ya kipimo cha arobaini na nne, dawa ikamshusha hadi thelathini na moja, na sasa yuko thelathini na tisa.

"Imepanda," Verna alisema.

"Imepanda akiwa hapa kwetu, na mlango una askari. Kuna mtu anampa, Verna. Mimi sijui namna nyingine ya kuisema."

Na mtu aliyekuwa na Junie usiku na mchana, siku zote kumi na mbili, alikuwa mmoja tu. Alikuwa mama yake.

Madini ya risasi hayana harufu. Hayachomi ulimi. Mtoto huanza kwa kulalamika tumbo, na mama husema ni minyoo. Kisha mtoto hukataa kucheza, na mama husema ni joto. Kisha mtoto husahau maneno. Junie alikuwa na maneno arobaini mwezi wa tatu. Kendra aliyaandika yote nyuma ya bahasha kwa furaha ya mama. Sasa yalibaki tisa. Kendra alikuwa akiyakata moja moja kwa kalamu, na bahasha ile ilikuwa juu ya meza ya kitanda, na kila aliyeingia aliiona.

Saa kumi jioni hiyo jaji angeketi. Ofisi ya ustawi wa jamii ilitaka Junie aondolewe kwa mama yake moja kwa moja, si kwa wiki, si kwa mwezi. Kwa kipimo hiki kipya hakuna jaji ambaye angekataa. Verna alibakiwa na muda wa saa tisa tu.

Alikaa ndani ya gari akapitia mafaili. Nyumba ya Kendra ilipimwa kwa vile vijiti vinavyogeuka vyekundu vikigusa risasi: kuta, madirisha, bomba, sahani, wanasesere. Vyote vilibaki vyeupe. Nyumba ya Bibi Eula, iliyo hatua hamsini kutoka pale, ilipimwa pia, rangi na maji, ikawa safi. Kulikuwa na banda nyuma ya nyumba ya bibi, alimokuwa akifanyia kazi marehemu mume wake, mzee Hobart, aliyefariki mwezi wa pili. Humo risasi ilikuwepo, na kila mtu katika kaunti alijua kwa nini. Mzee Hobart alikuwa akitengeneza jigi, ndoano za kuvulia zenye kichwa cha risasi. Mume wa Kendra, Wendell Crabtree, ambaye hakuwa baba mzazi wa Junie, ndiye aliyerithi kazi hiyo.

Kaunti nzima ilikwisha kumhukumu Wendell. Lakini Wendell alipigwa marufuku kukanyaga nyumbani wala hospitalini tangu siku ya pili, na kipimo kilikuwa kimepanda bila yeye. Hilo ndilo lililomsumbua Verna. Aliwasha gari akaenda ziwani.

Alimkuta kwenye gati la binamu yake, upande wa mashariki wa ziwa la Tully, ambako alikuwa akilala kwenye banda la mashua. Maji yalikuwa ya rangi ya chai iliyokolea, bila kiwimbi. Upande wa pili mlima ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka miguuni. Wendell alikuwa amesimama na ufito wa kuvulia, kijana mrefu mwenye ndevu za wiki mbili. Hakugeuka.

"Kama umekuja kunifunga, mama, ningoje nimalize huu mtupo."

"Sikuja kukufunga. Nimekuja kuuliza."

"Wote huanza hivyo."

Verna alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alimuuliza tena maswali ya siku zote, naye akajibu yaleyale. Alimimina risasi bandani tu, mlango wazi. Alivua viatu na nguo palepale bandani kabla ya kuingia ndani. Junie hakuwahi kuvuka kizingiti cha lile banda. Alimjengea hata kijigeti. Damu yake mwenyewe ilikuwa na kumi na mbili, ambayo kwa mtu wa kazi ile si ajabu. Ya Kendra ilikuwa mbili. Ndiyo maana watu walimtazama Kendra vibaya: mama msafi, mtoto ana sumu.

"Kuna kitu gani anachokula Junie ambacho Kendra hakili?" Verna aliuliza.

"Kendra anaingia kazini saa tisa mchana, kule anakotunza wazee. Anakula hukohuko. Mimi niko kiwanda cha mbao mpaka usiku. Junie hushinda kwa Bibi."

Alisema hivyo huku akiufuata mshipi wake kwa macho, na Verna akaona kwamba hata anapoongea haupotezi. Akamwuliza anatazama nini, wakati hakuna kitu.

"Ndiyo natazama hicho. Shika."

Alimpa ufito mwingine, kisha akafungua sanduku lake na kumwambia achague. Verna alikulia kaunti ileile, lakini baba yake alikuwa mtu wa kuvua kwa minyoo na kizibo cha kuelea, naye Verna hakujua haya ya vijana. Jigi zilipangwa safu kwa safu: kila moja ndoano yenye kichwa cha risasi kilichopakwa rangi, shingoni sketi ya nyuzi za mpira, na mbele ya ncha kibrashi cha nywele ngumu ili ndoano isinase kwenye matawi. Akachukua moja kubwa, nyeusi yenye nyuzi za bluu.

"Hiyo ni wakia nzima," Wendell alisema. "Unataka kumuua samaki kwa kumpiga kichwani? Weusi na bluu ni wa maji ya matope, besi, huyu samaki wetu, aone kivuli. Leo maji yanaonyesha mpaka futi nne. Chukua ya kahawia na kijani, afikiri ni kamba wa majini. Na chukua nyepesi, nusu wakia, kwa sababu matawi tuliyozamisha samaki wajifiche yako futi kumi na mbili na hakuna upepo. Ikishuka polepole ndiyo anaishika. Wengi wanashikwa ikishuka, si ikivutwa."

Alichomeka kwenye ndoano makucha ya plastiki, ya kahawia vilevile, akamwonyesha atupe mbele ya matawi, aache mshipi ulegee, ahesabu mpaka jigi iguse chini, ainue kidogo, aishushe tena. Verna alitupa. Jigi ilianguka karibu na gati kwa kishindo.

"Hapo umemwaga maji ya vyombo," Wendell alisema. "Tena."

Ya pili ilifika. Verna aliuliza atajuaje samaki akila, kama atasikia kugongwa.

"Hapana. Hapo ndipo wageni wanapokosa. Besi anaimeza na kukaa nayo tu. Wewe ulikuwa unasikia uzito wa jigi, mara huusikii. Usingoje kugongwa, mama. Ukisikia kitu ambacho kilikuwepo sasa hakipo, vuta."

Jigi ilishuka mpaka chini. Verna alivuta jigi yake, haikuwa na kitu, akaishika kiganjani kuondoa jani. Hapo ndipo alipoona kichwa chake vizuri. Rangi ilikuwa imebanduka upande mmoja, na risasi ya chini haikuwa laini. Ilikuwa na mikunjo, mmoja juu ya mwingine, kama ngozi juu ya uji uliopoa. Akachukua nyingine sandukuni, safu ya juu. Ilikuwa laini kabisa. Akachukua ya safu ya chini. Mikunjo.

"Hizi za chini kwa nini ziko hivi?"

"Hizo ni za mzee Hobart, za zamani. Zimebaki kumi na nne. Samaki hajali mikunjo, na mimi sizitupi. Hizi laini tulimimina kwa chungu cha umeme, kina bomba chini, risasi inaingia kwenye kalibu inayoipa umbo ikiwa moto sawasawa. Zamani mzee alikuwa akiyeyushia wazi, juu ya jiko la gesi, anachota kwa kijiko. Mpaka kijiko kifike kwenye kalibu risasi imeshaanza kupoa. Ndiyo inakunjamana."

"Alikuwa akiyeyushia ndani ya nini?"

Wendell alikuna ndevu. Alisema hajui. Alipomwoa Kendra, miaka miwili iliyopita, chungu cha umeme kilikuwa tayari kipo.

"Nilipima kila kitu ndani ya lile banda," Verna alisema. "Chungu, kalibu, kijiko, meza. Kijiko kipo. Alichochotea kipo. Alichoyeyushia hakipo."

Alikwenda garini akarudi na bahasha ya picha. Alizipitia haraka mpaka akafika ya ukuta wa nyuma wa banda. Juu ya mbao zilizopigwa na masizi ya miaka kulikuwa na msumari, na chini ya msumari alama safi ambayo masizi hayakuifikia: duara pana, lenye mkia mfupi ulionyooka kwenda juu kwenye msumari. Katika ripoti aliandika kwa mkono wake mwenyewe, *alama ya banjo*. Katika milima ile kila nyumba ya pili ina banjo, ala ya nyuzi yenye tumbo la duara, ukutani, na hakufikiria zaidi.

"Mzee Hobart alikuwa na banjo?"

Wendell aliitazama picha. "Mzee Hobart hakujua hata kupiga mluzi."

Kisha akaendelea kuitazama, na Verna aliona uso wake ukipauka. Duara, na mkia mfupi wenye tundu la kutundikia.

"Bibi alisafisha banda mwezi wa tatu," Wendell alisema taratibu. "Baada ya mazishi. Alisema kuna kitu cha mama mkwe wake humo kinaozea ukutani. Alikitia motoni uani siku nzima, kikawa chekundu. Akakisugua kwa chumvi, akakipaka mafuta mara sita. Alifurahi, mama. Alituita tukione kilivyong'aa."

Ufito ulimtoka mkononi ukaanguka juu ya mbao za gati. Hakuna aliyeuokota.

Katika milima ile mwanamke anaamini kikaango cha chuma kizito hakiharibiki. Kikiota kutu, unakifufua. Kikikaa shambani miaka ishirini, unakifufua. Moto, chumvi, mafuta, na kinarudi jikoni kama kipya, na bibi anamrithisha mjukuu. Ndivyo walivyofundishwa wote, Verna naye. Hakuna aliyewafundisha kwamba chuma kile kina vitundu, na kwamba kilichoyeyuka ndani yake miaka thelathini hakitoki kwa chumvi. Na mkate wa mahindi huokwa humohumo, na maziwa ya mgando yanayokandiwa unga wake yana uchachu, na uchachu huo unaivuta risasi nje.

Verna alipiga simu akiwa amesimama wima. Saa yake ilisema saa sita na nusu. Pruitt alipokea.

"Mtoto anafanya nini sasa hivi?"

"Anakula, afande. Alibakiza mkate wa asubuhi, mama yake ndiyo anammalizia. Leo kala vizuri kuliko siku zote."

"Mnyang'anye."

"Afande?"

"Ingia ndani umnyang'anye kijiko, Pruitt. Kikombe na kitambaa pia, uvitie kwenye mfuko na uandike. Kisha mwite daktari. Na usimguse Kendra. Mwambie nimesema si yeye. Mwambie hivyo kwanza, kabla ya kumnyang'anya."

Alisikia viatu vya Pruitt, mlango, sauti ya mwanamke ikipanda, kisha kilio cha mtoto aliyenyimwa chakula. Alisubiri mpaka Pruitt aliporudi kwenye simu na kusema tayari. Wendell alikuwa amesimama pembeni yake, mikono imening'inia. Verna alimwambia amri ya mahakama bado ipo, asitoke pale mpaka aitwe. Aliitikia kwa kichwa tu.

Nyumba ya Bibi Eula ilikuwa wazi, kama siku zote. Jikoni mlinukia mafuta ya nguruwe na mahindi. Kikaango kilikuwa juu ya jiko, cheusi, kinang'aa, kizuri kuliko chochote kilichokuwa ndani ya chumba kile. Bibi Eula alikuwa ameketi mezani, ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto ili utulie. Mwanamke mdogo, nywele nyeupe zimefungwa nyuma. Alimwambia Verna aketi, akate kipande, asubuhi hakula chochote, uso wake unaonyesha.

Verna hakuketi. Alitoa kijiti cha kupimia, akakivunja ncha, akakisugua katikati ya kikaango, akahesabu. Hakufika thelathini. Ncha ile iligeuka nyekundu.

Alikiweka mezani mbele ya bibi. Kisha akamweleza, kwa maneno machache, pole pole, kama mtu anavyomweleza mama yake habari za msiba. Alimweleza habari za mzee Hobart na jiko la gesi. Bibi Eula alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Alikitazama kile kijiti, si kikaango.

"Aliniambia kimepotea," alisema. "Mwaka ule tulipooana. Nilimlilia mama mkwe kwa ajili ya kikaango hiki."

"Hakutaka ujue, bibi."

"Nami nilimpa Junie kila siku. Ndani ya maziwa. Ndivyo anavyopenda."

Verna alipiga simu mahakamani. Alimwambia karani amweleze jaji kwamba kesi ya mtoto Junie Hargis isiguswe mpaka yeye afike, kwamba mama hana kosa, na kwamba anakuja na kikaango. Karani aliuliza kama amesikia sawasawa. Verna alisema amesikia sawasawa. Alikitia kikaango ndani ya mfuko wa vielelezo; kilikuwa kizito, mfuko ulitaka kupasuka. Aliandika tarehe na saa. Aliandika pia kwamba daftari la Pruitt liletwe, lile la wanaoingia wodini na wanachobeba. Asubuhi ile alilipitia mara mbili akitafuta jina la mtu wa kumshuku, na kila alipofika kwenye jina lake mwenyewe alilivuka.

Alikuwa mlangoni bibi alipomwita.

"Mwanangu, kaa kwanza. Na ufungue hicho kitabu chako."

Verna alirudi.

"Kila Jumatano," Bibi Eula alisema. "Chakula cha jioni cha kanisani. Mkate ni wangu, miaka kumi na tisa sasa. Tangu mwezi wa tatu nimeupika kwa hicho. Watoto hukimbilia vipande vya ukingoni, ndivyo vigumu."

Akanyoosha mkono unaotetemeka juu ya meza, akaanza kuhesabu kwa vidole. Alisema Callie Ann wa kina Rutledge, miaka mitatu. Mapacha wa Jarvis. Yule mchanga wa mchungaji, aliyeanza kula juzijuzi tu, bibi mwenyewe humlowekea. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akaanza wa pili. Verna aliandika bila kuinua kichwa. Yalifika majina kumi na moja.

"Na wewe," bibi alisema. "Ulipeleka mara ngapi?"

Verna aligeuza ukurasa mpya. Juu aliandika Stooksbury, mkate, mara tatu, kisha akampigia simu mama yake Callie Ann.